Kikombe cha karatasi na kitambaa cha marekani

Njombe, 14 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kulegea, na asubuhi ukungu unaondoka bondeni mapema kuliko mwezi uliopita.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimeishia kwenye lile swali uliloliweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Uliniambia kwamba huko Columbus, Ohio, wenzako wa hospitalini hula baga ndani ya gari wakiwa njiani, na anayeonekana kuila kila siku huhurumiwa kama mtu asiye na muda wala fedha za kula vizuri; kisha ulipokuja likizo Dar es Salaam uliwakuta binamu zako wamevaa nguo za sikukuu kwenda kula kuku wa kukaanga wa Kimarekani, na picha zao wakazituma kwa ukoo mzima. Mwenzako mmoja, Mmarekani, alikuuliza watu wa nje wanavutiwa na nini hasa katika chakula chao na mambo yao, nawe ukakosa la kumjibu. Ndipo ukanigeuzia mimi: "Mama, hii si kasumba tu? Na kama ni kasumba, mbona wewe uliyesoma Moscow umekitunza kile kikombe cha karatasi miaka yote hii?"

Nianze na hilo neno kasumba, kwa maana sisi tulilelewa nalo. Nilizaliwa mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, na katika shule zetu mtu aliyesifu kitu cha ng'ambo aliambiwa ana kasumba, mazungumzo yakaishia hapo. Neno lenyewe silikatai. Wako watu waliofundishwa kujidharau mpaka wakaona kila cha mgeni ni bora, na baadhi yao ni ndugu zetu. Lakini likitumika kwa kila mtu linakuwa kama dawa moja inayotolewa kwa kila mgonjwa: halimuulizi mtu ameona nini, amekosa nini, wala alikuwa akitafuta nini. Mimi nataka niulizwe hayo, kwa sababu niliwahi kusimama karibu saa tatu kwenye theluji nikingoja mkate na nyama mbele ya mgahawa wa McDonald's, na ninakumbuka vizuri nilichokuwa nakitafuta.

Nilifika Moscow mwezi Septemba 1986 kwa udhamini wa serikali. Mwaka wa kwanza tulisoma Kirusi peke yake, kisha nikaingia kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho kilibeba jina la Patrice Lumumba. Posho yetu wanafunzi wa kigeni ilikuwa rubli 90 kwa mwezi. Nauli ya metro ilikuwa kopeki 5, na kwa rubli moja ulishiba kantini. Nataka ulishike hilo, kwa sababu watu wengi husimulia habari za miaka ile kana kwamba wakazi wa Moscow walikimbilia chakula cha Kimarekani kwa njaa. Ni kweli kwamba bidhaa nyingi zilikuwa zimeadimika, na sukari ilikuwa imeanza kuuzwa kwa kuponi. Lakini mkate mweusi ulikuwepo, supu ya kabichi ilikuwepo, na viazi vilikuwepo. Foleni nazo hazikuwa jambo geni kwangu, kwa kuwa nilitoka Tanga nikiwa nimeshazizoea foleni za sabuni na unga wa mgawo za mwaka 1983.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na historia ndefu. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, George Cohon, mkuu wa McDonald's nchini Kanada, alikutana na ujumbe wa Kisovieti na kuanza kuwashawishi wamruhusu kufungua mgahawa Moscow. Mazungumzo yalichukua miaka 14. Mlango ulipofunguliwa hatimaye katika uwanja wa Pushkin, tarehe 31 Januari 1990, ulikuwa wa Kimarekani kwa jina na kwa mapishi, ingawa katika hati za biashara ulikuwa ubia wa tawi la Kanada na halmashauri ya jiji la Moscow. Siku ile ya kwanza walihudumiwa watu zaidi ya 30,000. Vijana walioomba kazi walikuwa takribani 27,000, na nafasi zilikuwa mia sita na kitu.

Mimi nilikwenda Jumapili moja mwanzoni mwa Machi pamoja na mwenzangu wa chumba, Mrusi kutoka Ryazan. Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka bustani, ikapita mbele ya sanamu ya Pushkin, yule mshairi mkuu wa Warusi ambaye babu wa mama yake alizaliwa Afrika. Walikuwemo askari waliopewa ruhusa ya siku moja, wazazi waliowabeba watoto mabegani, na watu waliokuja kwa treni za usiku kutoka miji ya mbali. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nimezoea foleni za duka la nyama ambako viwiko vilifanya kazi kuliko miguu.

Ndani mlikuwa na mwanga mwingi, na sakafu ilikuwa ikifutwa wakati watu wanapita juu yake. Mbele yetu palikuwa na kaunta ndefu yenye keshia 27 waliosimama bega kwa bega, wakinyoosha mikono juu na kuita "Svobodnaya kassa!", yaani hapa pako wazi, njoo. Ili uelewe uzito wa wito huo ni lazima ujue tulikotoka. Katika kantini moja niliyokula kwa miaka mitatu, mhudumu alisukuma sahani bila kumtazama mtu, na ukithubutu kuuliza nyama iko wapi katika mchuzi, alikuuliza mbele ya watu kama wewe ni binti wa waziri. Sasa msichana wa umri wangu alinitazama machoni, akatabasamu, akaniuliza ninapenda kupata nini. Mwenzangu wa chumba alinishika mkono akaninong'oneza: "Anatucheka?"

Nililipa rubli 3 na kopeki 75 kwa baga kubwa. Kwa fedha hiyo ningeweza kupanda metro mara 75. Tulipata nafasi kwenye meza moja na bibi mmoja aliyevaa koti zito la sufu na mtandio wa kijivu. Alikuwa ameifumua baga yake yote juu ya trei. Alikula kwanza kipande cha juu cha mkate, kisha jani la saladi, kisha akainua kipande cha nyama kwa vidole viwili, akakigeuza pande zote mbili, akakikata katikati kwa kisu alichotoka nacho nyumbani. Nusu moja aliila polepole. Nusu nyingine aliifunga katika leso safi, akasema ni ya mjukuu. Alipomaliza, alikifuta kile kisanduku cha baga kwa karatasi hadi kikang'aa, akakitia mkobani, na kikombe chake akakitia ndani ya kisanduku. Akanitazama mimi, akaniuliza kama kwetu Afrika vitu hivi vipo. Nikamjibu kwamba havipo. Akanisogezea kikombe changu mwenyewe, akasema: "Basi na wewe chukua, binti. Umekilipia."

Hicho ndicho kikombe ninachotilia kalamu, mwanangu.

Ukiniuliza habari ya ladha, sitakudanganya. Nyama ilikuwa nyembamba, mkate ulikuwa mtamu kuliko ninavyopenda, na tango la siki nililitoa. Mboga ya kisamvu aliyotuungia nazi mama yangu ilikuwa chakula kuliko kile, na pilau ya harusi ya jirani yetu yeyote Tanga ingekiacha mbali. Lakini maneno ya bibi yule yalinikaa. Katika Moscow ya wakati ule yalikuwepo maduka yenye vitu vizuri, nayo yaliuza kwa fedha za kigeni tu. Sisi wanafunzi wageni tukiwa na dola mbili tatu tuliingia. Mwenye nchi, aliyefanya kazi miaka 40 akalipwa rubli, aliishia kuchungulia dirishani. Septemba ya mwaka huo huo ilipofunguliwa Pizza Hut, nayo ilikuwa na sehemu ya wenye rubli na sehemu ya wenye dola, na foleni ilikuwa upande wa rubli peke yake. Pale uwanja wa Pushkin rubli ya bibi ilikuwa fedha kamili. Profesa na dereva wa tramu walisimama mstari mmoja, bei iliandikwa ukutani, na kila mmoja alipokea kitu kile kile kwa kipimo kile kile, akiambiwa asante. Nchi ile ilikuwa imefundisha usawa kwa zaidi ya miaka 70, na naamini kwamba wengi wa waliokuwa wamesimama kwenye theluji walikuwa wanautafuta huo huo usawa waliofundishwa, wakasikia kwamba unapatikana kwa saa moja kwenye kaunta ya mgeni.

Sasa niruhusu nizungumzie viazi, kwa maana hapo ndipo ilipoanzia kazi yangu ya maisha, na kwa upande wangu hili ni jambo kubwa kuliko foleni. Mgahawa ule haukuweza kutegemea viwanda vya Kisovieti. Walilazimika kujenga kiwanda chao kikubwa Solntsevo, pembezoni mwa Moscow, cha kuoka mikate, kusaga nyama, kusindika maziwa na kukata chipsi. Viazi vya pale havikufaa kwa chipsi ndefu, kwa hiyo wakaleta mbegu ya Russet Burbank na kuwafundisha wakulima kuilima. Mwalimu wetu wa mazao ya mizizi alikuja darasani na kiazi kimoja cha aina hiyo na kimoja cha kienyeji, akavikata mbele yetu, akavikaanga katika sufuria ndogo ya maabara. Kile kirefu kilitoka na rangi ya dhahabu. Cha kienyeji kilitoka kahawia na uchungu kwa mbali. Akatueleza kwamba kiazi cha kukaanga kinahitaji wanga mwingi na maji machache, na kwamba kikihifadhiwa kwenye baridi kali wanga wake hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoungua. Tangu siku hiyo sijakaa mbele ya sahani ya chipsi bila kujiuliza kiazi kimetoka wapi.

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Unajua miaka niliyotembea na wakulima wa huku Njombe kwa ajili ya mbegu bora na mnyauko, na jinsi tulivyopigana na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima auze moja na nusu kwa bei ya moja. Chipsi za kila kona ya Dar es Salaam, pamoja na zege lenye mayai mlilokuwa mkilipenda, zinatokana na jasho la watu hawa. Kwa hiyo Januari 2022 niliposikia kwamba migahawa ya KFC nchini Kenya imeishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vinaletwa kwa meli kutoka nje na meli zimechelewa, ilhali wakulima wa Nyandarua wana viazi vyao, niliumia kweli. Wakenya walikasirika, na kampuni ikasema itatafuta wakulima wa ndani. Kama kuna mahali pa kulitumia neno kasumba, mwanangu, mimi ningelitumia hapo, kwenye mkataba unaosema kiazi cha Afrika hakifai kabla hakijapimwa. Binamu yako aliyevaa gauni lake la sikukuu kwenda kula hana hatia hiyo.

Tena kitu cha mgeni kikishalimwa na kupikwa na wenyeji, husahauliwa asili yake haraka ajabu. Mwaka 1936 Anastas Mikoyan, kamishna wa chakula wa Stalin, alitembelea Marekani na kurudi na mipango ya viwanda vya aiskrimu na hata mitambo ya kutengeneza baga. Vita vilipoingia mkate ulisahaulika, ikabaki nyama peke yake, na watu wakaiita kotleti ya Mikoyan. Mwenzangu wa chumba alikulia kwenye kotleti na aiskrimu hizo, akaapa mbele yangu kwamba hakuna vyakula vya Kirusi kuliko hivyo.

Usimcheke. Bibi yangu wa Pangani, ambaye hukuwahi kumwona, alikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, na ndani yake, chini ya kanga zake nzuri, alihifadhi kitambaa cheupe kizito kisicho na nakshi. Nilipokuwa mdogo nilikigusa, akaniambia nikiache, hiyo ni marekani, ameiweka kwa ajili ya sanda yake. Mwaka 1979 tulimzika nayo. Katika uzee wake wote sikumsikia hata mara moja akiitaja nchi inayoitwa Marekani, wala sidhani kama aliihusisha na kitambaa kile. Kwake marekani ilikuwa jina la nguo, kama bafta au kaniki.

Lakini jina hilo lilikuja na merikebu. Tangu miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, walileta Zanzibar nguo ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya kwao, wakarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wa nchi hiyo alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Watu wetu waliipenda nguo ile kwa sababu ilikuwa imara na ilivumilia kufuliwa. Misafara iliyotoka Pangani na Bagamoyo iliibeba bara ikiwa kama fedha. Kwayo walilipa hongo kwa watemi na kununua chakula njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Jina halikuondoka. Ingia leo katika duka la vitambaa Tanga uombe marekani, na muuzaji atakupimia bila kukuuliza swali.

Hapo pana jambo linalonipa uzito moyoni, na sitaki nilipite. Pamba ile ilichumwa na watumwa, watu wa damu ya Afrika waliouzwa ng'ambo ya bahari ya magharibi. Na pembe zilizoilipia zilifika pwani mabegani mwa watu ambao baadhi yao walikuwa watumwa huku kwetu. Bibi yangu alizikwa ndani ya nguo yenye historia hiyo, naye alikuwa mwanamke mwema aliyeipenda kwa weupe na uimara wake. Sijui kulifupisha jambo hili liwe dogo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uzuri alioupenda ulikuwa wa kweli na maumivu yaliyouleta yalikuwa ya kweli, na sioni sababu ya kuficha kimoja ili kingine kionekane.

Habari ya muziki nayo ina sura hiyo hiyo. Baba wa mwenzangu wa chumba alikuwa na santuri iliyochongwa kwenye filamu ya eksirei ya hospitali; katika ujana wake nyimbo za Kimarekani hazikuuzwa madukani, na watu walizinakili kwenye filamu zilizotupwa. Nilipofika kwao Ryazan aliinyanyua dirishani nikaziona mbavu za mtu nisiyemjua, kisha akaiweka kwenye gramafoni na tarumbeta ikalia. Alikuwa mtu mzima, mwenye medali za kazi, na macho yake yalijaa machozi. Alinieleza jinsi alivyokuwa akisikiliza usiku kipindi cha jazi cha Willis Conover kwenye Sauti ya Amerika, kilichoanza mwaka 1955, ambacho mtangazaji wake alisema Kiingereza polepole ili asiyekijua naye apate neno. Mzee huyo alifundishwa tangu shuleni kwamba Marekani inawaonea watu weusi, na alilojifunza lilikuwa kweli. Alipousikia muziki wa wale wale walioonewa alitambua sauti ya mtu aliyekatazwa kusema na bado akasema, naye alikuwa na sababu zake za kuielewa sauti ya namna hiyo. Mimi, msichana wa Tanga, nilisimamishwa mara nyingi barabarani na vijana wa Moscow wakiniuliza habari za Michael Jackson kana kwamba ni kaka yangu, na nakiri kwamba siku nyingine nilijisikia fahari ambayo sikuifanyia kazi. Baadaye niliporudi nyumbani niliwaona vijana wa Dar es Salaam wakichukua rapu na kuitia Kiswahili mpaka ikazaliwa bongo fleva, na leo wewe mwenyewe unaisikiliza huko Ohio kama sauti ya kwenu.

Nirudi kwa binamu zako. Mkubwa wao alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza, na hiyo ndiyo sherehe uliyoikuta. Angeweza kuwapeleka wadogo zake kula samaki wa kupaka, nao wangekula vizuri zaidi. Lakini Dar es Salaam ina mahali pengi ambapo mtu hutazamwa viatu kabla ya kukaribishwa, na ambapo bei hubadilika kulingana na sura ya mteja. Alitaka mahali ambapo bei imeandikwa ukutani, choo ni kisafi, kuna ubaridi, na hakuna mtu atakayemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Alikilipia. Huko uliko mambo hayo ni ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeyaona, kwa hiyo kinachobaki mezani ni mkate na mafuta, na mkate na mafuta peke yake ni vitu vya kuhurumiwa kweli. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi chakula hicho kinavyofanya kikiliwa kila siku. Shinikizo la damu la mjomba wako halikuanza kwa bahati mbaya. Binamu zako nimewaambia hivyo, na nimewaambia pia kwamba gauni lilimpendeza.

Ule mgahawa wa Pushkin ulifungwa mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kwa kuwa kampuni iliondoka nchini kabisa. Tarehe 12 Juni mwaka huo ulifunguliwa tena pale pale, chini ya mmiliki Mrusi na kwa jina la Kirusi linalomaanisha "Ni tamu, basi". Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale na jiko lilikuwa lile lile. Mwezi uliofuata wenye mgahawa walitangaza kwamba chipsi zimeadimika, kwa sababu mavuno ya mwaka 2021 hayakuwa mazuri na viazi vya nje vilikuwa vigumu kuingia. Mwenzangu wa chumba, ambaye sasa ana wajukuu, ndiye aliyenipigia simu kunipa habari hiyo, akijua kwamba mimi nitauliza viazi kwanza. Tulikaa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akaniuliza kama ninakumbuka bibi mwenye mtandio wa kijivu.

Ukipata nafasi tulivu na mwenzako yule, msimulie habari ya bibi huyo kabla hujamweleza lolote jingine, na umweleze pia habari ya sanduku la Pangani, yote mawili, pamoja na pamba ilikotoka. Kama ni mtu mwenye moyo atakuwa na maswali mengine, nawe uniandikie nimjibu.

Kikombe kipo. Kimepasuka ukingoni na maandishi yake ya Kirusi yamefifia, na mara ya mwisho ulipokuja kupanga meza yangu ulikaribia kukitupa, kwa hiyo safari hii nimekiweka juu ya kabati. Ukija Desemba nitakiteremsha ukione vizuri. Viazi vya vinyungu, yale mashamba ya bondeni, vitakuwa vimeshavunwa kabla hujafika, na nimemwomba jirani anitengee debe moja la vile virefu, visioshwe wala visianikwe juani.

Ni mimi mama yako akupendaye.